Kabla kijiti cha kwanza hakijaingia puani

Tuseme wodi ya watoto ya hospitali ya Bombo, hapa Tanga, inataka kujua ni aina zipi za RSV, kirusi cha njia ya hewa, zinazolaza watoto kwa nimonia. Kirusi hiki kina makundi mawili, A na B, na kila kundi lina matawi yake. Tawi la ON1 la kundi A lilibainika Ontario, Kanada, mwaka 2010, likiwa na herufi 72 za vinasaba zilizojirudia kwenye jeni ya G. Mwaka 2012 lilikuwa limeshaingia Kilifi, pwani ya Kenya, na mabasi ya Mombasa yanapita mpakani Horohoro kila siku.

Cha kwanza ni swali lenyewe. Ukipima waliolazwa tu, huwezi kusema tawi fulani ni kali kuliko jingine, kwa kuwa waliokohoa wakapona nyumbani hukuwaona. Panga mapema kuchukua sampuli za wagonjwa wa nje pia. Hili husahaulika sana, watu wakaja kukuna vichwa wakati wa kuandika ripoti.

Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kiombwe mapema. Ridhaa iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, na ijulikane nani atasaini mtoto akiletwa na bibi yake. Mtoto anayebonyea mbavu apewe oksijeni kwanza; habari za vinasaba zingoje.

Kijiti cha kuchukulia sampuli puani kiwe cha nyuzi sintetiki, si pamba iliyozungushiwa mti, maana pamba na mti huweza kuharibu kipimo cha PCR, kile kinachotafuta vinasaba vya kirusi. Baada ya hapo mchezo wote ni ubaridi: sampuli ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi kwa saa zisizozidi 72, la sivyo friza ya nyuzijoto 70 chini ya sifuri. Kwa hiyo ulizia jenereta, na ufunguo wa chumba cha friza hukaa kwa nani usiku. Sampuli ikiyeyuka na kuganda tena na tena, RNA, yaani vinasaba vya kirusi, hukatikakatika. Kipimo kinaweza kuonyesha kirusi kipo, lakini tawi lake lisisomeke.

Lebo iandikwe kwa wino usiofutika, kwani kichupa kikitoka kwenye barafu hulowa na namba ya kalamu ya kawaida huondoka na kidole. Kwenye fomu weka umri kwa miezi, tarehe ya kulazwa na siku kikohozi kilipoanza. Mtoto aliyeingia kwa kuhara, akaanza kukohoa siku ya saba, huenda kirusi alikipatia humo humo wodini. Asihesabiwe pamoja na waliotoka nacho nyumbani.