Ukitoa kamera mtaani watu wakakushtukia, fanya hivi

Kama ndo umepata kamera yako ya kwanza na unataka kuanza kupiga picha za mtaani hapa Dar, kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni kwamba watu wanapiga picha na simu kutwa nzima, kwenye mwendokasi, sokoni, mpaka msibani, na hakuna anayegeuka, ila wewe ukitoa hiyo yenye lenzi mtaa mzima unanyamaza kukuangalia. Mwenye simu anaonekana ni mpita njia tu. Mwenye kamera kubwa ametumwa. Na hapo ndo yanapoanzia maswali yote, umetumwa na nani, picha inaenda wapi, na kuna mtu anakula hela hapo au vipi. Ukishaelewa hivyo kazi yako inabaki moja, uwajibu kabla hawajakuuliza.

Chukua Kariakoo. Mwenye duka ukimwelekezea lenzi dukani kwake hawazi sanaa, anawaza TRA. Mei 2023 wale wafanyabiashara walifunga maduka kugomea kamatakamata ya kodi mpaka Waziri Mkuu akaja kukaa nao, Juni 2024 wakafunga tena, alafu wewe unakuja asubuhi na kamera unapiga mzigo wake uliopangwa mpaka darini unategemea akuchekee? Machinga naye ana lake. Mwisho mwisho wa 2021 waliondolewa pembeni za barabara, kwa hiyo aliyerudi kutandika nguo zake kwenye lami anaona hiyo picha ni ushahidi unaopelekwa kwa mgambo. Bodaboda aliyepakia mishikaki anadhani ni trafiki. Na vijana wengi siku hizi wanaogopa kitu cha kawaida kabisa, kugeuzwa stika ya WhatsApp. Hakuna mshamba hapo, kila mtu ana sababu yake na ukiijua unajua pia wa kumwambia nini.

Sasa kabla hujatoka nyumbani. Acha ile vesti ya mifuko mingi, utaitwa mwandishi na utaulizwa itarushwa lini. Vaa kawaida, begi la kawaida. Lenzi weka fupi, 35mm au 50mm inatosha kabisa, maana inakulazimisha usogee na ukisogea watu wanakuona na wanajua upo. Wale wa lenzi ndefu ya kuvutia mbali, 70-200, wanaojificha nyuma ya nguzo kuvuta sura ya mama anayeuza ndizi ndo wanaotuharibia wote, mtu akigundua anavutwa kutoka mbali lazima akasirike, hata mimi ningekasirika. Pochi isijae hela, betri iwe imejaa, basi.

Ukifika usianze kupiga. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanashuka kwenye daladala kamera ishakaa jichoni. Tafuta muuza kahawa, kaa kwenye benchi la kijiwe, agiza kikombe na kashata, kamera iweke mapajani ionekane, usiifiche. Salimia. Shikamoo kwa wazee, habari za kazi kwa wengine, vijana mambo vipi wanangu. Baada ya muda lazima kuna mmoja ataikodolea macho atauliza hiyo shilingi ngapi. Hilo ndo swali la dhahabu, usilikwepe, mjibu, mpe aishike (kamba iwe shingoni kwake bana), mwache apige hata picha moja ya rafiki yake. Kuanzia hapo kijiwe kizima kinakujua, na akija mtu kuuliza huyu nani unasikia anajibiwa na wengine, aah huyo mwanetu anapiga picha zake tu.

Ukishapiga picha, kaa hapo hapo. Usigeuze shingo kama uliyekuwa unaangalia ghorofa, usiondoke haraka, anayekimbia ndo mwizi. Mwangalie mtu usoni, tabasamu, nyanyua dole gumba, na akionekana ana swali msogelee wewe. Maelezo yawe mafupi na ya kweli. Tuseme uko Feri kwenye wakaanga samaki, asubuhi jua linapenya kwenye ule moshi wa kuni na karai linachemka, umempiga mzee anageuza samaki wake changu, akashtuka:

"We kijana, unapiga picha ya nini?"

"Shikamoo mzee. Nimeona huo moshi wako ulivyopigwa na jua nikashindwa kupita. Ni hobi yangu tu, sijatumwa na mtu wala siiuzi. Hebu iangalie."

Mgeuzie kioo aione. Asilimia kubwa ya hasira inaishia hapo, mzee anajiangalia, anawaita wenzake, wanamcheka kidogo, alafu anakwambia subiri nivae shati vizuri upige nyingine. Hiyo nyingine itakuwa mbaya, amesimama kama wa kitambulisho cha NIDA, ila ipige, tena kwa heshima zote, maana ndo tiketi ya zile kumi zitakazofuata akishakusahau. Angalia pia umemwambia nini, umetaja kitu ulichokiona, moshi, jua. Ukisema "nimependa tu" anabaki na swali lake. Na neno "mradi" usilitamke kabisa, mradi maana yake kuna hela na kuna mfadhili.

Kuna mtu mmoja lazima umjue, mimi namuita mtetezi. Huyu hayumo kwenye picha. Uliyempiga katulia hana shida, mtetezi yuko hatua nne pembeni kaegemea toroli na ndo anapaza sauti, "mnatupiga picha mkauze Ulaya!" Anatafuta watazamaji. Ukianza kubishana naye amekupata, watu wanajaa na sasa umekuwa kesi. Mwambie tu "nimekusikia kaka, ngoja nimuulize mwenyewe", alafu nenda kwa uliyempiga, muoneshe, muulize kama ana shida. Akisema hana, mtetezi anaishiwa. Akisema anayo, unafuta. Na njia nyingine inayofanya kazi kuliko unavyofikiria ni kumuomba mtetezi mwenyewe umpige, nusu yao wanakubali na wanapozi vibaya sana.

Kwenye kufuta, futa. Mbele yake, aone. Sheria ukiitafuta ipo, Katiba ibara ya 16 inamlinda mtu na faragha yake, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini mtaani hakuna anayesomeana vifungu, na ukianza na "hapa ni sehemu ya umma nina haki" umeshapoteza hata kama uko sahihi. Hakuna picha ya mtaani ambayo kesho huwezi kupata nzuri kuliko hiyo. Akikushika mkono au kamera, sauti yako ishuke, usivutane, lenzi inavunjika kwa sekunde na aliyeishika hana hela ya kukulipa.

Hela. Utaombwa, ya soda, ya maji, "tutoe kidogo boss". Msimamo wangu silipii sura ya mtu, maana ukilipa leo mwenzako akija kesho anadaiwa na mtu mwenyewe anaanza kuigiza. Lakini nanunua. Mama lishe nakula kwake, muuza karanga nachukua pakti mbili, fundi viatu namwachia sendo anishonee. Biashara yake imesogea na hakuna aliyeuza uso wake. Morani anayesimama ufukweni kwa ajili ya picha za watalii ni habari nyingine, ile ni kazi yake, patana naye bei mapema au mwache.

Askari na walinzi. Hapa sitanii. Feri hiyo hiyo ukigeuka tu uko jirani na Ikulu ya Magogoni, kwa hiyo kabla ya kupiga jiulize nyuma ya mtu wako kuna nini. Kambi, vituo vya polisi, bandari, mageti ya balozi, mitambo, achana navyo hata kama mwanga ni mtamu kiasi gani, Sheria ya Usalama wa Taifa ipo tangu 1970 na maeneo yanayolindwa siyo ya kujifunzia. Ukisimamishwa sema ndiyo afande, muoneshe picha zote taratibu, kitambulisho kiwe karibu, usiwashe kurekodi kwa simu ili umkomoe. Mlinzi wa jengo la kawaida pale Posta mara nyingi anaogopa bosi wake tu anayemwangalia kwenye CCTV, mwambie "sawa kaka, nakutoa kwenye lawama" uvuke barabara upige ukiwa ng'ambo. Droni ni kibali kabisa cha mamlaka ya anga, usiichanganye na haya.

Watoto wanakupenda kupita kiasi. Piga mmoja, wanakuja ishirini, na wote wanarusha vidole vya hiphop. Piga ile ya kundi mara moja, waoneshe, kamera iingie begini dakika kadhaa. Ila kuposti sura ya mtoto bila mzazi kujua, hapana, na ya sare yenye jina la shule hapana mara mbili. Majirani zetu Kenya washaonesha hii siyo utani, mwaka 2023 kamishna wao wa data alitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na baa moja ya Nairobi ikapigwa 1,850,000 kwa kuposti mteja aliyekuwa anajirusha. Zile ni biashara, wewe ni mtu wa hobi, lakini umepata picha.

Vuka bahari uende Unguja, mambo yanabadilika. Mji Mkongwe wanapigwa picha na wageni kila siku ya Mungu na wamechoka, na wewe Mswahili mwenzao unahukumiwa zaidi, mgeni anaambiwa hajui, wewe unajua. Wanawake waliokaa barazani usiwainulie kamera bila kuomba, na kuomba kwenyewe ni salamu ndefu kwanza, asalaam aleikum, za nyumbani, za watoto, ndo ombi lije, na akikataa kwa kucheka bado amekataa. Milango, vichochoro, paka, mikono inayocheza bao, hivyo vimejaa, anza navyo. Jaws Corner wazee wa kahawa na dhumna hawana neno ukikaa nao, ila siku siasa imepamba moto kamera funga, anayetoa hoja kali hataki sura yake izunguke. Mchana wa Ramadhani usimpige mtu anayekula, hata kama ni mgeni.

Kuna nyakati pia za kuacha kabisa. Mwizi anapigwa, ajali imetokea, bonde la Jangwani limejaa maji na watu wanatoa magodoro juu ya vichwa. Ukiulizwa "unatupiga picha badala ya kutusaidia?" utakosa jibu, na haki utakuwa huna. Shika godoro upande mmoja.

Na kuna siku za bure, zitumie kujifunza kuondoa woga. Siku ya derby ya Simba na Yanga nenda na kamera nje ya uwanja wa Mkapa masaa mengi kabla ya mechi, watu wamejipaka rangi, wamebeba majeneza ya watani wao, ukimruka mmoja anakufuata kudai zamu yake. Coco Beach Jumapili jioni pia. Watu waliovaa wakapendeza hawauliziulizi. Asiyejiamini aanzie huko mwezi mzima, Kariakoo atakwenda akishazoea.

Mwisho, rudisha picha, hii ndo inakujengea jina mtaani kuliko kitu chochote. Ukimuahidi mtu picha mpelekee. Wazee na mama lishe wasafishie, studio za mtaani zinasafisha kwa bei ndogo tu, mbebee mkononi, utaikuta imebandikwa kwenye kibanda na siku hiyo utapiga hadi jikoni. Vijana wanataka ya WhatsApp, chukua namba, iandike na kitu cha kukumbukia, "Juma kofia nyekundu Feri", la sivyo ukifika nyumbani una kina Juma sita hujui yupi ni yupi. Alafu usiitume kama picha ya kawaida, WhatsApp inaibana inakuwa ukungu na yeye ataamini kamera yako kubwa bure tu. Itume kama dokumenti, mwambie asubiri wifi kama bando dogo.