Somo: Kuitoa kontrola iliyokufa kwenye CNC ya zamani na kuweka LinuxCNC

Habarini wakuu. Inaniuma nikiona milingi nzima ya CNC (mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta) inauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu eti kontrola, ile kompyuta ya kuiongoza, imekufa. Bodi ndio imekufa, meza na spindo bado vinadai kazi. Mimi nilifanya kwenye Bridgeport Interact yenye kontrola ya Heidenhain TNC 151, mota za sevo (zinazojisahihisha kwa kupimwa zilipofika) na skeli za kioo (rula za kupimia meza ilipo), kwahiyo naongelea hiyo.

1. Usibomoe kitu kwanza. Piga picha kila upande wa kabati, bandika namba kila waya, tafuta mchoro wa umeme. Draiva (bodi zinazolisha mota umeme) na mota kama bado nzima ziache zilivyo, utaokoa hela nyingi sana. Na ukizima meni usiingize mkono, kapasita za draiva zinabaki na chaji, pima na mita mpaka ishuke ndio uguse.

2. PC ya mezani ya kawaida inatosha. LinuxCNC ni programu ya bure ya kuendesha mashine, mizizi yake ni mradi wa EMC ulioanzia NIST, taasisi ya viwango kule Marekani. Weka keneli ya PREEMPT-RT (kiini cha Linux kinachojibu kwa wakati) halafu washa latency-histogram (inapima PC inachelewa kiasi gani) uiache saa nzima huku unafungua video na mafaili. Kwa kadi za Mesa (zinazounganisha PC na mashine) mzunguko wa sevo ni milisekunde 1, ukiona kuchelewa kwa maikrosekunde 50 usihangaike.

3. Kadi za Mesa: 6i25 inakaa ndani ya PC, 7i77 inakaa kwenye kabati. Hiyo 7i77 inatoa volti -10 mpaka +10 kwenda draiva na inasoma enkoda (vipimo vya mahali, kama hizo skeli), zote kwa eksisi 6 (mielekeo ya mwendo kama X na Y). Takometa ya mota (inayopima spidi yake) iache kwenye draiva kama ilivyokuwa.

4. Hapa ndio wengi wanakwama. Skeli za zamani za Heidenhain zinatoa wimbi dogo la maikroampia 11, sio palsi, ile TNC ilikuwa inalitafsiri yenyewe ndani. Ukichomeka moja kwa moja kwenye 7i77 hupati kitu, lazima boksi la EXE la kubadilisha wimbi kuwa palsi liwe katikati. Skeli yenye mistari kila maikroni 20, boksi la mara 5, na kadi inahesabu mara 4, unapata maikroni 1, basi SCALE yako (mpangilio wa LinuxCNC) ni hesabu 1000 kwa milimita.

5. Swichi ya dharura ikate umeme wa draiva kwa kontakta, kwa waya. Isipitie kwenye programu peke yake, kompyuta ikiganda meza itakuwa bado inatembea.

6. Kuwasha mara ya kwanza: vua mkanda wa mota, eksisi moja moja. Sogeza meza kwa mkono uone namba inapanda upande sahihi, kisha toa volti ndogo, nusu volti tu, uangalie mota inazunguka kuelekea upande huo huo. Alama (plus na minus) zikipishana, LinuxCNC ikijaribu kusahihisha ndio inazidi kukosea, na mkanda ukirudi meza inakimbia kwa nguvu zote mpaka mwisho. Mimi niliruka hatua hii kwenye Y na nikapinda mabano ya limiti swichi, FERROR (kikomo cha kosa kinachosimamisha mashine) ilikata ila nilikuwa nimeiweka kubwa mno. Anza na ndogo.

7. Kutyuni: zungusha skrubu ya ofseti ya draiva mpaka mota itulie kwenye volti 0, panga FF1 (volti inayofuata spidi inayotakiwa), halafu P (nguvu ya kusahihisha kosa) uipandishe kidogo kidogo mpaka ianze kunguruma, rudisha nyuma.

MASWALI

Mdau, Mwanza: Mkuu shikamoo, programu ya Mach3 kwa laputopu na paralelo poti haiwezi?
Jibu: Marahaba. Kwa sevo hizi hapana, paralelo poti inatoa step (palsi za hatua) na mwelekeo tu, draiva yako inataka volti. Na laputopu zinapunguza spidi zenyewe kubana umeme, muda unayumba.

Mdau, Eldoret: Fundi, X yangu ikisimama inatetemeka mbele nyuma, nimepunguza P wapi.
Jibu: Skeli inasoma meza yenyewe, kwahiyo nati ya bolskruu (skrubu inayosukuma meza) ikiwa na uchezo mota inautafuta bila kupata. Weka dayo (saa ya kupimia) ukague uchezo na gibu (kipande kinachobana njia ya meza) kwanza, kisha DEADBAND (kosa dogo la kupuuzwa) ya hesabu moja mbili.

Mdau, Tanga: Kaka karakana yangu ina fezi moja.
Jibu: Spindo lipe VFD (kifaa cha kuilisha mota fezi tatu na kubadilisha spidi) ya kuingia fezi moja, ila soma kibao cha mota, kama ni 230/400 unaifunga delta. Draiva za sevo angalia transfoma yake ina tepu (sehemu za kuchagua volti) gani. Usilishe mashine nzima kwa VFD moja, utachoma vitu.