Namna ya Kuchagua Mtaa wa Kufikia Unapotembelea Tokyo

Mtu wa Dodoma anayekwenda Tokyo kwa mara ya kwanza, iwe kwa mafunzo, biashara au matembezi, mara nyingi hutafuta hoteli kwa kuangalia bei, na akipata ya nafuu huilipia bila kujali iko wapi. Hapa kwetu hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa aliyefikia Kisasa au Area C akihitaji kwenda Majengo atapanda bodaboda na kufika muda si mrefu. Tokyo teksi ni ghali na karibu kila safari ni ya treni, kwa hiyo chagua kwanza kituo cha treni, kisha ndipo utafute hoteli iliyo jirani nacho.

Fungua ramani uitafute njia ya Yamanote, reli ya mduara yenye vituo 30 ambayo treni huizunguka kwa takriban saa moja. Ukilala karibu na kituo chochote cha njia hiyo, sehemu nyingi za katikati ya jiji utazifikia kwa urahisi. Baada ya hapo andika mahali utakapokwenda, uone pengi pameangukia upande gani: Ueno, Asakusa, Akihabara na Ginza ziko mashariki, ilhali Shinjuku, Harajuku na Shibuya ziko magharibi. Mwenye shughuli za mashariki akifikia Shinjuku kwa sababu tu jina lake linavuma, atalazimika kuvuka jiji kila asubuhi, saa ambazo wafanyakazi wamejaa ndani ya mabehewa hadi mlangoni.

Uwanja wa ndege utakaotua una uzito wake. Narita uko mkoa wa Chiba, kilomita 60 hivi kutoka katikati ya Tokyo, wakati Haneda umo ndani ya jiji lenyewe. Aliyeondoka Dodoma, akapitia Dar es Salaam na kubadilisha ndege tena Doha, Dubai au Addis Ababa, hufika amechoka, na kubadilisha treni mara tatu huku akiburuta mabegi ni mateso yanayoepukika. Kutoka Narita, treni ya Skyliner hufika Nippori na Ueno kwa dakika 40 hivi. Kwa Asakusa, zipo treni zinazokwenda moja kwa moja kutoka viwanja vyote viwili.

Kwa maoni yangu, mgeni wa mara ya kwanza aanze na Ueno. Kuna bustani kubwa, makumbusho kadhaa, bustani ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1882, na soko la Ameyoko lililojipanga kando ya reli. Asakusa, penye hekalu la Sensoji, ni patulivu zaidi usiku, ila hapako kwenye njia ya Yamanote. Shinjuku panamfaa anayerudi usiku sana, maana treni husimama kuanzia saa sita usiku hivi hadi karibu saa kumi na moja alfajiri. Mwenye familia asogee mbali kidogo na Kabukicho, eneo la starehe lenye kelele la hapo Shinjuku. Muislamu anayependa kuwa karibu na msikiti aangalie Otsuka, kituo cha Yamanote chenye msikiti jirani, au Yoyogi-Uehara, ulipo msikiti mkubwa wa Tokyo Camii uliofunguliwa mwaka 2000.

Tangazo la hoteli likisema "dakika tano kutoka kituoni", uliza ni kutoka mlango upi. Kituo cha Shinjuku kina milango zaidi ya 200, na ukitokea upande usio wako, dakika hizo tano zinaweza kuwa ishirini. Uliza pia kama mlango huo una lifti. Soma ukubwa wa chumba: mita za mraba 11 au 12 ni jambo la kawaida, na wawili wenye mabegi makubwa humo watalazimika kufungua moja juu ya kitanda.

Bei hupanda mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, maua ya mcheri yanapochanua, na tena katika sikukuu za mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei. Maombi ya viza ya matembezi yanayopelekwa ubalozi wa Japani, Dar es Salaam, huambatana na ratiba inayoonyesha utakapolala, hivyo chagua mtaa mapema, na uweke nafasi kwenye hoteli inayoruhusu kughairi bila malipo hadi viza itoke.