Maji ya kilindini yakipanda: namna ya kuwanusuru sato wa kizimbani

Wafugaji wenzangu, sato wa ziwani akihisi maji mabaya anajiondokea, wa kizimbani umemfungia wewe ndani ya wavu, kwa hiyo hewa yake iko mikononi mwako. Kilindini Ziwa Victoria, chini ya mita 40 hivi, oksijeni hupungua mno maji yakitulia muda mrefu, halafu upepo ukivuma kwa nguvu yale maji yanapanda mpaka kwenye vizimba. Mwishoni mwa 2022 wenzetu upande wa Kenya walipoteza samaki wengi mno.

1. Pima oksijeni saa 12 asubuhi, jua halijapanda, maana usiku kucha mwani nao unavuta oksijeni. Shusha mashine ya kupimia juu, katikati, na chini kabisa ya wavu. Usipime juu tu ukaridhika, mimi nilifanya hivyo msimu mmoja juu inasoma vizuri kumbe chini samaki wanakufa, nikaja kuokota mizoga kwa ndoo na mpaka leo inaniuma.

2. Ikisoma miligramu 5 kwa lita kwenda juu, lisha. Kati ya 3 na 5 punguza nusu na usubiri jua. Chini ya 3 usilishe kabisa, hata wakija juu midomo wazi, ile siyo njaa jamani, wanatafuta hewa! Na samaki aliyeshiba anahitaji oksijeni zaidi kusaga chakula.

3. Siku oksijeni ikiwa chini usihamishe samaki, usiwapime uzito, usitikise nyavu. Nyavu zisafishwe mapema kabla ya msimu wa upepo, mwani ukiziba matundu maji hayapiti.

4. Una pampu? Vuta maji ya juu uyarushe kama mvua juu ya kizimba. Usivute ya chini.

5. Waliofikia uzito wa soko tu ndio bora uwavue, ila usiwarundike kwenye mtumbwi wafe kwa kukosa hewa, na barafu peke yake haimzimishi samaki haraka, anateseka. Mpige kwa nguvu kichwani juu kidogo ya macho, pigo moja, hakikisha ametulia kabisa, ndo aende kwenye barafu. Kwangu kijana asiyeweza hili simpeleki kuvuna.

6. Ondoa mizoga kila baada ya saa chache, ikioza inakula oksijeni ya waliobaki. Kulisha anza tena kidogo kidogo, alfajiri 2 mfululizo zikisoma juu ya 5.