Kabla ya kumleta mama mwenye Alzheimer kuishi Mwanza

Kabla hamjafunga mizigo ya mama kule Nansio, kisiwani Ukerewe, hakikisheni amepimwa. Kusahau kunakokuja taratibu kwa miaka, kama kwa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo, ni jambo moja. Kuchanganyikiwa kunakozuka ndani ya siku mbili tatu ni jingine, na mara nyingi chanzo ni malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia au kupungukiwa maji, yote yanatibika. Daktari, awe wa Bugando au hospitali nyingine, aombwe kuangalia pia tezi ya shingo, vitamini B12, VVU, kaswende na sonona. Bebeni vidonge vyake vyote kwenye mfuko mmoja, hata vya kununua dukani. Piriton, promethazine na diazepam, ambazo wengi huwapa wazee ili walale, huzidisha mkanganyiko na kuwaangusha usiku. Akiandikiwa donepezil, dawa ya Alzheimer, kwa kawaida huanza na miligramu 5 kwa siku. Haiponyi, kwa baadhi ya wagonjwa hutuliza dalili kwa muda, na inaweza kuleta kichefuchefu, kuharisha au kupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo semeni mapema kama amewahi kuzimia.

Nyumba za Mabatini na Igogo, hapa Mwanza, zimepanda mlimani kati ya mawe, na ngazi zake hazilingani. Mpeni chumba kisicho na ngazi, karibu na choo, hata kama ni kidogo. Ukingo wa kila ngazi upakwe rangi nyeupe, taa ya njia ya chooni iwake usiku kucha. Jiko la mkaa lisilale ndani, na mtungi wa gesi ufungwe kila baada ya kupika. Komeo la mlango wa nje liwe juu kabisa, mahali asipozoea kutazama, lakini msimfungie peke yake: moto ukitokea hatatoka.

Jua likianza kuzama wagonjwa wengi huhangaika na kutaka “kwenda nyumbani”. Kwa mtu wa Ukerewe nyumbani ni ng’ambo ya maji, naye atashuka kuelekea ziwani. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa mzungusheni: duka la jirani, kijiwe cha bodaboda, wauza dagaa wa mwaloni Kirumba, wakatisha tiketi za meli. Wamwone sura na wabaki na namba zenu. Shoneni namba ya simu ndani ya nguo zake zote, na picha yake ya karibuni iwe kwenye simu ya kila mmoja. Akipotea, anzeni na ufukweni na mitaroni, barabara baadaye, na polisi waambiwe saa hiyohiyo.

Majirani wanahitaji zaidi ya namba. Kanda hii ina historia chungu ya vikongwe kuuawa kwa kudhaniwa wachawi, na mama anayeongea peke yake usiku au kuingia uani kwa watu anaweza kunyooshewa kidole. Mwenyekiti wa mtaa, viongozi wa dini na nyumba za jirani waambiwe waziwazi: ni ugonjwa wa ubongo, daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906, haurogwi wala hauambukizi. Kuficha kwa aibu ndiko kunakomweka mama hatarini.

Tafuteni msaidizi anayejua Kikerewe. Kiswahili alichojifunza baadaye kinaweza kupotea kwanza, na mtu asiyeeleweka hukasirika, hugoma kuoga, hugoma kula. Akimuulizia baba aliyefariki zamani, msimtangazie msiba upya kila jioni, mwambieni, “Umemkumbuka baba. Alipenda samaki gani?” Kisha mwacheni aongee.

Sato atolewe miiba yote, na mama ale akiwa ameketi wima.

Gawaneni zamu kabla hajafika, kwa majina na siku, usiku ukihesabiwa peke yake. Aliye mbali atume fedha za msaidizi kwa tarehe maalumu. Mambo ya shamba na benki yamalizwe na wakili angali anaelewa, watoto wote wakiwepo.

Mwisho, bebeni kigoda chake, redio yake na blanketi lake, na khanga moja msiifue: harufu ya nyumbani humtuliza usiku wa kwanza.