Picha iliyofifia kwenye Pinball 2000: kioo kwanza, bisibisi baadaye

Mashine za Pinball 2000, za mchezo wa pinboli (kupiga mpira wa chuma kwa vigongo viitwavyo flipa) zinazoonyesha picha ya video juu ya uwanja wa mpira, zilitengenezwa na Williams wa Chicago mwaka 1999, na michezo iliyofika sokoni ni miwili tu: Revenge From Mars na Star Wars Episode I. Oktoba mwaka huohuo kampuni ilifunga kitengo chake cha pinboli. Kwa hiyo monita iliyomo, kama ni ile iliyotoka nayo kiwandani, imekwisha kupita robo karne, na malalamiko ya wenye mashine yanafanana: picha imepauka, wahusika wanaonekana kama moshi, maandishi hayasomeki mchana.

Fundi aliyezoea TV za chogo akisikia hivyo hukimbilia flaibaki, ile transfoma inayolipa chogo volti zake kubwa. Hapa ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu kwenye mashine hii mchezaji haitazami monita. Monita ya chogo ya inchi 19 imefungwa kwenye kichwa cha mashine, uso wake ukielekea chini, na anachokiona mchezaji ni taswira inayorudishwa na kioo kilichofunika uwanja. Sehemu ya nyuma ya kioo hicho imepakwa utando mwembamba unaorudisha mwanga nusunusu: wa monita unaugeuza kuelekea machoni, wa uwanja ulio chini unauachia upite. Ni ujanja uleule wa jukwaani alioutangaza John Henry Pepper huko London mwaka 1862, wa kumtoa mzuka mbele ya watazamaji. Mzuka huonekana vizuri pale tu nyuma yake pakiwa giza.

Basi picha inaweza kufifia kwa njia tatu: monita haitoi mwanga wa kutosha, kioo hakirudishi mwanga wa kutosha, au mwanga mwingine unaishinda picha. Mbili kati ya hizo hazihitaji kugusa waya hata mmoja.

Jaribio fupi

Washa mashine, iache dakika 20 ipate moto. Fungua mlango wa sarafu, achia upau wa mbele, kisha vuta kioo kuelekea kwako taratibu. Kioo hiki ni cha kukaza kwa moto: katikati kinastahimili kipigo, lakini kona ikigusa sakafu ya vigae au saruji kinaweza kulipuka kuwa punje. Kiweke juu ya zulia au blanketi, na kabla hujakitoa bandika kipande cha utepe kwenye kona moja kuonyesha upande wa juu na upande wa mbele.

Kioo kikishatoka, ingiza simu chini ya kichwa cha mashine, kamera ikitazama juu, au tumia kioo kidogo cha kujitazama. Iangalie monita yenyewe. Ikiwa inang'aa, rangi zimekolea na weusi ni mweusi, monita yako ni nzima. Tatizo liko kwenye kioo au kwenye taa. Ikiwa hata ana kwa ana imepauka, ruka hadi sehemu ya monita. Usitegemee tu picha iliyopigwa na simu, kwa kuwa kamera hujirekebishia mwanga yenyewe. Linganisha kwa jicho.

Kuwa mwangalifu: kufungua mlango wa sarafu hukata umeme wa koili za flipa, hakukati umeme wa monita.

Kioo

Uchafu ndio mkosaji wa kwanza, na upo mahali pawili. Chogo, yaani bomba la kioo linalotoa picha ya monita, lina umeme tuli unaovuta vumbi, na mashine iliyokaa baa miaka kadhaa huwa na ngozi ya moshi wa sigara kwenye uso wa monita, ya rangi ya chai. Zima mashine, chomoa, subiri nusu saa, kisha ufute uso wa monita kwa kitambaa laini cha nyuzi ndogo kilicholoweshwa kidogo kwa maji yaliyochujwa. Usipulizie dawa moja kwa moja. Matone hutiririka hadi kwenye ukingo na kuingia ndani. Mara nyingi kitambaa cha kwanza hutoka cha kahawia, na hapo nusu ya kazi imekwisha.

Kioo chenyewe kioshe pande zote mbili kwa maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo, kisha ukaushe bila kukandamiza. Sehemu yenye utando usiiguse kwa dawa za vioo zenye amonia, wala kwa dawa za kung'arishia plastiki, ambazo kwa kweli ni msasa uliosagwa. Utando ukichubuka haurudi. Mikwaruzo yake utaiona ukiinua kioo dhidi ya taa: mistari inayopitisha mwanga zaidi kuliko sehemu nyingine. Mistari michache haisumbui mchezo. Utando ukibabuka kwa mabaka, picha itakuwa na matobo, na dawa ni kioo kipya chenye utando.

Wapo waliovunja kioo wakaweka cha pinboli ya kawaida. Hapo monita huhukumiwa bure tu: kila uso wa kioo kisicho na utando hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga ukiuangalia wima, na zaidi kidogo ukiuangalia kwa pembe. Juu ya hayo utaona picha mbili zilizopishana, moja ya uso wa juu na nyingine ya uso wa chini. Dalili hiyo ya picha pacha ndiyo inayokitambulisha kioo kisicho sahihi.

Kujua utando uko upande gani, gusisha kioo kwa ncha ya penseli ya mbao, kwa upole. Upande wenye utando, ncha na taswira yake yenye nguvu hugusana. Upande usio nao, hubaki pengo la unene wa kioo. Kirudishe kilivyokuwa, kwa kufuata ule utepe wako.

Taa za uwanja na za chumba

Tatizo hili limeongezeka tangu watu walipoanza kubadilisha balbu za zamani kwa LED. LED nyeupe kali zilizowekwa nyuma ya uwanja zinamulika palepale panapopaswa kuwa giza, na picha huoshwa nazo. Mwenye mashine hudhani monita imekufa wiki ileile aliyobadilisha taa. Rudisha balbu za kawaida, au weka LED za mwanga wa joto zisizo kali, katika theluthi ya nyuma ya uwanja. Mbele weka upendazo.

Chumbani, tafuta kilichoko nyuma ya mchezaji na juu yake. Simama unapochezea: ukiona taa ya dari au dirisha ndani ya kioo, basi mwanga huo unapakwa juu ya picha. Kusogeza mashine hatua moja au kuigeuza robo huponya kuliko kubadilisha kapasita ishirini. Na sehemu nyeusi za nyuma ya uwanja ziwe nyeusi kweli. Vumbi la kijivu lililolala hapo hung'aa.

Monita: marekebisho

Onyo kabla ya yote. Chogo la rangi la inchi 19 hubeba volti 20,000 hadi 25,000 kwenye kikombe cha mpira kilichobandikwa ubavuni mwake, na hubaki nazo baada ya kuchomoa umeme. Kulitoa chaji: chomoa mashine, funga waya wenye klipu kutoka kwenye chuma cha bisibisi ndefu yenye mpini wa plastiki hadi kwenye waya mtupu uliosukwa unaozunguka mgongo wa chogo, kisha ingiza ncha chini ya kikombe ukitumia mkono mmoja, mwingine mfukoni. Rudia baada ya dakika chache, maana chaji hurudi. Athi (earth) ya hapo ni ule waya uliosukwa, si ubao wa shingoni, yaani ubao wa saketi uliochomekwa kwenye shingo ya chogo. Ukikosea utaua saketi za rangi. Shingo yenyewe ikigongwa, chogo limekwisha.

Marekebisho hufanywa monita ikiwa hai, kwa bisibisi ya plastiki. Kimbia kwanza kwenye kibao kidogo cha vitufe vya kuzungusha: mwangaza (brightness) na ukolezi (contrast) viweke katikati. Ingia kwenye menyu ya majaribio ya mashine, chagua picha za monita, uweke chumba giza.

Kwenye flaibaki kuna vitufe viwili: cha juu kwa kawaida ni cha kunoa picha, cha chini ni cha skrini, kinachopandisha au kushusha mwanga wa uso mzima. Kwenye picha nyeusi, zungusha cha skrini polepole hadi uso mzima uanze kutoa mwanga hafifu na mistari myembamba ya mshazari ionekane, kisha rudisha nyuma hadi ipotee kabisa. Kwenye TV ya sebuleni kijivu kidogo husameheka. Hapa hakisameheki, kwa sababu kila kijivu cha monita hugeuka kuwa ukungu juu ya uwanja wote. Watu huongeza skrini wakidhani wanaongeza mwanga, kumbe wanaongeza ukungu, na picha inazidi kupauka.

Mwanga wa kweli unapatikana kwenye ukolezi. Upandishe kwenye picha nyeupe hadi maandishi yaanze kuvimba, kisha rudi kidogo. Malizia kwa kunoa. Kama nyeupe ina rangi, ubao wa shingoni una vitufe vya nyekundu, kijani na buluu: vya kukata (cutoff) hurekebishwa kwenye picha ya giza, vya nguvu (drive) kwenye picha angavu. Zungusha kimoja kimoja, na weka alama ya wino pale kilipokuwa.

Rangi moja ikiwa haipo kabisa, badilishana waya wa rangi hiyo na wa rangi nyingine kwenye ingizo la monita, umeme ukiwa umezimwa. Rangi inayokosekana ikihama, kosa liko kwenye kompyuta au kebo. Isipohama, liko kwenye monita. Aliyebadilisha kompyuta ya mashine kwa ya kisasa akumbuke pia kwamba ishara ya kompyuta ni takriban volti 0.7, na monita nyingi za michezo hutarajia zaidi ya hapo. Bila kikuza ishara picha itakuwa hafifu hata kama kila kitu ni kizima.

Kapasita na uzee wa chogo

Picha inayopungua kimo, inayokunjika juu, au yenye mwanga unaopwita, ni ya kapasita zilizokauka. Badilisha zote za elektroliti kwenye chasisi (ubao mkuu wa monita) kwa seti nzima badala ya kuwinda moja. Maikrofaradi ziwe zilezile, volti zilezile au zaidi, joto nyuzi 105, na alama ya hasi ifuate ubao. Iliyowekwa kinyume hupasuka. Ukiwa hapo chomelea upya miguu ya flaibaki na soketi ya shingo, maana risasi ya kuchomelea hupasuka kwa joto. Ukiipima mezani, usiichomeke monita moja kwa moja ukutani. Tumia transfoma ya kutenganisha.

Chogo lililochoka lina tabia zake: huchukua dakika kadhaa kupata mwanga, na sehemu nyeupe huwa na ung'aaji wa fedha uliopakazika. Kabla ya kulizika, hakikisha soketi ya shingo haina kutu, kwa sababu uzi wa moto (filamenti ya chogo) usiopata volti zake 6.3 huleta dalili hizohizo. Mashine za kufufulia chogo zipo, lakini zinaweza pia kulimaliza palepale, kwa hiyo zitumike pale tu ambapo ungelitupa.

Ukiamua kuweka LCD, chagua ya uwiano wa 4:3 na paneli ya IPS, kwani paneli za bei rahisi za TN hupauka zikitazamwa kwa pembe, na hapa pembe haiepukiki. Mchezo hutoa ishara ya takriban kilohezi 15.7, ambayo monita nyingi za kompyuta huikataa, hivyo utahitaji kibadilishaji cha ishara kama GBS-8200. Jaribu maandishi kupitia kioo kabla hujafunga chochote, yasije yakasomeka kinyume. Na jiandae kwa jambo moja: weusi wa LCD huvuja mwanga wa nyuma, na gizani utaona mstatili hafifu wa kijivu umeelea juu ya uwanja. Upunguze kwa kushusha mwanga wa nyuma wa paneli, ukolezi uachwe juu.