Kuiongoza mashua isiyo na nahodha pale mota moja inapokufa mkondoni

Mwongozo huu unahusu mashua ndogo ya umeme ninayoitumia kupima vina vya maji baina ya Shela na Manda, huko Lamu. Ina mota nne, mbili omo (mbele) na mbili tezi (nyuma), na kila moja imefungwa kwa pembe ya digrii 45, za omo zikisukuma mbele kwa kuelekea ndani na za tezi kwa kuelekea nje. Ukizigeuza kinyume cha hivyo, na fremu yako ikawa inakaribia umbo la mraba, mistari ya nguvu itapita katikati ya chombo na uwezo wa kukigeuza utapotea karibu wote. Chombo kinahitaji mambo matatu tu, yaani kwenda mbele au nyuma, kwenda ubavu na kugeuka, kwa hiyo mota ya nne ni akiba.

Hatua ya kwanza ni kuijua kila mota ingali nzima. Funga mashua gatini wakati maji yamejaa na kusimama, kisha iamuru mota moja baada ya nyingine kuanzia asilimia 20 hadi 100, ukiandika mizunguko kwa dakika na ampea kwa kila amri. Jedwali hili ni kazi ya asubuhi moja, na bila yake hatua zinazofuata hazina msingi.

Hatua ya pili, ambayo naomba uisome polepole, ni kuutenganisha mkondo na ugonjwa wa mota. Niliwahi kuipeleka mashua karibu na mikoko ya Mkanda wakati wa bamvu, yaani maji makubwa, maji yakipwa kwa nguvu, na mshipi wa kuvulia ukajisokota kwenye rafadha (panga la kusukumia maji) ya omo kulia. Kidhibiti, yaani programu inayoziamuru mota, kiliona chombo kinapotoka njia, kikadhani ni mkondo, kikaidai mota ile ile iliyonaswa nguvu zaidi na zaidi hadi fyuzi ikaungua. Kosa lilikuwa kutazama mwendo wa chombo peke yake, kwani mkondo, upepo wa kusi na mota mbovu vyote humpotosha mtazamaji wa namna hiyo. Itazame mota yenyewe. Mizunguko ikishuka huku ampea zikipanda kupita jedwali, rafadha imenaswa. Mizunguko ikipanda huku ampea zikishuka, rafadha imevunjika au imechomoka. Vyote viwili vikiwa sifuri ilhali amri ipo, umeme umekatika. Mkondo unaoingia kwenye rafadha hubadilisha namba hizi kidogo, ndiyo maana siihesabu kuwa dalili tofauti na jedwali iliyo chini ya asilimia 30.

Kuna hadaa moja ya kuangaliwa. Wimbi la boti ipitayo kasi likiiinua tezi, rafadha huzunguka hewani, na kwa muda mfupi dalili zake ni zile zile za rafadha iliyovunjika. Kwa hiyo dalili hiyo naisubiri sekunde 3 kabla ya kuiamini, lakini ya kunaswa naipa nusu sekunde tu, kwa sababu mota iliyonaswa huungua upesi na kuizima bure ni hasara ndogo.

Hatua ya tatu ni kugawa kazi upya. Mota ya omo kulia ikifa, usijaribu kuziongezea nguvu zote tatu zilizobaki kwa kiasi sawa, maana chombo kitazunguka. Kwa mpangilio huu, kwenda mbele kunataka omo kushoto ipumzike na mbili za tezi zifanye kazi maradufu. Kwenda kulia kunataka omo kushoto isukume mbele na tezi kushoto isukume nyuma kwa nguvu zilizo sawa. Mgawanyo wa kila mota inayoweza kufa uandike mapema katika programu, ili kidhibiti kibadilishe jedwali la mgawanyo tu.

Hatua ya nne ni fupi. Kile kipengele cha kidhibiti kinachojumlisha makosa (umbali wa chombo kutoka njia yake) na kukadiria nguvu ya mkondo kipewe nguvu iliyotolewa kweli na mota, baada ya kupunguza zile zilizofika ukomo au zilizozimwa, wala si nguvu iliyoamriwa. Mota yoyote ikifika ukomo, usimamishe mjumlisho.

Hatua ya tano ni kuamua kurudi. Mota moja ikifa, nguvu kubwa kabisa ya kwenda mbele hubaki nusu, na kwa kuwa ukinzani wa maji hukua kwa mraba wa kasi, kasi ya juu hushuka hadi asilimia 71 hivi. Chombo cha mita 2 kwa sekunde hubakiwa na 1.4, kikikutana na mkondo wa mita 1 kwa sekunde, kinasogea kwa 0.4 peke yake, tena betri ikiliwa. Kwa hiyo programu ilinganishe kasi iliyobaki na makadirio ya mkondo, na ziada ikiwa chini ya mita 0.3 kwa sekunde, ising'ang'anie njia ya kupimia: ikiegemeze chombo kwenye ufuo ulio upande ambao maji yanaelekea, kisha itume mahali kilipo.

Jaribu haya yote kwanza wakati wa maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, ukiizima mota moja kwa amri, huku mtu mwenye kasia akikufuata kwa mtumbwi.